Kaka amekutwa na kansa ya utumbo mpana, mimi nipime lini?

Mama_Wawili_Soweto: Wapendwa habari zenu, niko Moshi, nina miaka 41. Kaka yetu mkubwa kule Marangu amekutwa na kansa ya utumbo mpana akiwa na 48. Mwaka mzima alikuwa anaona damu chooni anaambiwa ni bawasiri, anapewa dawa ya kupaka anarudi shambani. Sasa daktari anasema na sisi tuliobaki tupimwe, lakini mimi siumwi popote jamani, choo kawaida. Na hicho kipimo cha kamera, ile inayoingizwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo, nakiogopa mno.

nesi_wa_zamani: Pole sana dada. Usisubiri kuumwa. Kansa hii mara nyingi inaanza na kinyama kidogo ndani ya utumbo, kinaweza kukaa hata miaka kumi hakiumi wala nini ndo kinakuja kugeuka, na kamera ikikikuta kinakatwa hapohapo. Marekani asiye na historia kwenye familia anaanza 45, ila ndugu yako wa tumbo moja akiugua unaanza 40, au unatoa kumi kwenye umri aliougua, unafuata inayotangulia. Kwenu 48 toa 10 ni 38, wewe umeshapita.

kijana_wa_kibosho: Mi nilipima hospitali ya KCMC hapo Moshi, mama yangu alikuwa na kansa hii. Kamera yenyewe sikuisikia, walinichoma sindano nikasinzia. Kazi ni siku ya kabla, hakuna mtori hakuna maharage, ni chai ya rangi na supu iliyochujwa, juisi ya rozela usiguse maana wekundu wake unaweza kudhaniwa damu. Jioni unakunywa dawa ya kuharisha mpaka kinachotoka ni maji ya njano tu, tafadhali usiinywe halafu upande Hiace, lala kwa ndugu mjini, na uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Mama_Wawili_Soweto: Asanteni, mmenitoa hofu. Na kile cha kupeleka choo maabara hakitoshi?

nesi_wa_zamani: Kile kinatafuta damu isiyoonekana kwa macho, kikikuta unaenda kamera tu. Kwa historia yenu anza na kamera moja kwa moja. Pitia dirisha la bima kwanza uulize kama wanalipa.

Mama_Wawili_Soweto: Jumatatu naenda. Mdogo wangu wa Himo ana 38 na yeye, juzi kaniambia anaona damu anasema ni pilipili, namfuata leo hii hii.