Tuzo ya Majaji na Tuzo Kuu ya Majaji: ipi kubwa?

Mvuvi wa Likoni: Ndugu zangu, jana barazani Mji wa Kale tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Filamu yangu fupi (dakika 9, bado imo kwenye simu) haijaenda popote, lakini mtu ajue anachokiota. Tamasha la filamu la Berlin wana tuzo ya Dubu wa Dhahabu, sawa. Sasa hizi mbili "za majaji" ni za nini?

Bi Kashata: Mwanangu, Dhahabu ndiyo ya kwanza. Tuzo Kuu ya Majaji ni ya pili, Tuzo ya Majaji ya tatu, na zote mbili ni Dubu wa Fedha. Mwaka 2024 Lupita Nyong'o wetu ndiye aliyeongoza majaji. Dhahabu wakampa Mati Diop, kwa filamu ya vitu 26 vya kale vilivyorudishwa Benin kutoka Ufaransa.

Abdu Kibokoni: Tamasha la Cannes, Ufaransa, vivyo hivyo, ila ya pili yaitwa Grand Prix. Jina kubwa, nafasi ya pili! Hapo ndipo wengi huteleza.

Mvuvi wa Likoni: Lo! Basi mahamri sita yamenitoka. Shukran, Bi. Mimi naanza na tamasha la Zanzibar. Wao hutoa Jahazi la Dhahabu, na jahazi angalau nalijua. Dubu sijamwona.