Akikatishwa pombe ghafla, kutetemeka kunatoka wapi?

Wakuu, ndugu anayemaliza chupa ya konyagi kila siku, mkimfungia ndani, kwa nini asubuhi kikombe cha chai kinamshinda kushika? Ni ukaidi?

— Si ukaidi hata kidogo. Pombe hupoza ubongo, nao ukizoea hujiongezea kasi kushindana nayo. Ukiiondoa ghafla, kasi inabaki bila breki. Kutetemeka huanza ndani ya saa 6 hadi 24, degedege mara nyingi kabla ya saa 48, kuweweseka siku ya 2 hadi ya 4. Hiyo inaua. Msimfungie, jamani!

— Akiona wadudu wasiokuwepo ukutani, bodaboda haifai. Tafuteni gari, Muhimbili au hospitali ya karibu. Semeni kiasi anachokunywa na saa aliyokunywa mwisho. Kabla ya dripu ya glukosi, mwulizeni daktari kama apewe kwanza vitamini B1.

— Kama ni gongo, tajeni pia. Nguvu yake haina kipimo.