Naombeni ushauri: mnawapeleka wapi watoto wadogo siku za mapumziko?

MamaWawili

Habarini wadau. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka minne, wa kike mwaka mmoja na nusu. Siku za mapumziko mimi na baba yao tunataka watoke, wacheze, wachangamke. Shida ni kwamba matembezi yetu yanaishia kwenye kilio.

Mara nyingi tunakwenda kwenye yale majumba ya michezo ya ndani, yenye bwawa la mipira ya rangi, mitelezo ya plastiki na muziki wa sauti kubwa. Mkubwa akifika ananing'ang'ania, hataki kushuka. Akishazoea, hataki tena kuondoka, analia mpaka nyumbani. Mdogo anataka kufanya kila anachofanya kaka yake, na watoto wakubwa wanakimbia pale bila kuangalia chini. Mimi nakuwa nimeinama nyuma ya mmoja, baba yao anamfukuzia mwingine, tunarudi tumechoka wote.

Ndugu yetu mmoja kaniambia kijana ni mwoga, nimwache humo ndani alie mpaka azoee. Neno hilo limenikaa moyoni. Je, nifanye hivyo? Na ninyi wenye watoto wa umri huu mnakwenda wapi, mahali ambapo mkubwa atafurahi na mdogo naye asibaki kuwa mtazamaji?

MwalimuWaChekechea

Pole mama, na usimwache alie. Nimekaa na watoto wa umri huo muda mrefu, na huyo unayemweleza simwoni mwoga hata kidogo. Anakagua. Anataka kujua nani anasukuma, mlango uko wapi, zamu zinakwendaje. Akimaliza kukagua anashuka mwenyewe, ndiyo maana baadaye hataki kuondoka.

Kuna mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, aliyechapisha mwaka 1932 uchunguzi wake wa watoto wadogo wakicheza. Alimtaja anayetazama wenzake, anayecheza peke yake, wanaocheza ubavu kwa ubavu kila mmoja na lake, hadi wale wanaoshirikiana mchezo mmoja. Kutazama nako alikuweka kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo kijana wako akikaa mapajani mwako anaangalia, tayari ameshaanza. Kaa naye pembeni, usimsemeshe sana, usimsukume. Ukiweza, fikeni mapema milango inapofunguliwa tu, aingie pakiwa patupu, watoto wengine wamkute yeye ndiye mwenyeji.

Kuhusu kuondoka: "dakika tano zimebaki" haimwambii kitu mtoto wa miaka minne. Mpe kitu anachoweza kukihesabu. "Teleza mara tatu tena, halafu tunavaa viatu." Hesabu naye kwa sauti, na ya tatu ikiisha iwe imeisha kweli. Ukiongeza ya nne leo, kesho hesabu yako haitakuwa na maana.

Mpenda_Matembezi

Mimi niyatetee kidogo hayo majumba ya ndani. Siku ya mvua kubwa au jua kali yanasaidia sana. Tafuta tu lenye sehemu ya wadogo iliyozungushiwa uzio wake. Kama hakuna sehemu hiyo, mtoto wa mwaka na nusu hana nafasi pale, utakuwa mlinzi wake saa zote.

ShangaziWaWengi

Mwanangu, nina la kusema hapa, nivumilieni.

Wazazi wengi mnatafuta mahali pakubwa, pa mbali, penye vitu vingi. Mtoto mdogo hatafuti hivyo. Juzi nilikuwa na mtoto wa mdogo wangu, umri kama wa binti yako, kwenye bustani ya umma yenye bomba la maji karibu na benchi. Nilimpa chupa tupu ya plastiki. Akajaza, akamwaga. Akaangalia maji yanavyokimbilia kwenye ufa wa saruji, akachuchumaa, akayafuata kwa kidole mpaka yalipopotea kwenye udongo. Akarudi kujaza. Akagundua kwamba akiziba mdomo wa chupa kwa kiganja maji hayatoki, akaniita nije nione. Bembea zilikuwa hatua chache kutoka pale, hakuzigusa. Mama yake alipokuja alisikitika kwamba mtoto hakucheza. Nikamwambia amecheza kuliko wote waliokuwa pale.

Ushauri wangu: chagueni sehemu moja ya karibu, rudini hapohapo wiki baada ya wiki. Mtoto anapenda kukuta mti uleule, jiwe lilelile. Akishapajua, anapata ujasiri wa kuthubutu mapya. Kijana wako anatumia nguvu zake zote kuzoea ugeni, halafu muda wa kucheza unakuwa umekwisha. Na mkikaa saa moja tu inatosha. Ondokeni wakiwa bado na furaha, msisubiri wachoke kupita kiasi.

BabaPacha

Naunga mkono shangazi. Mimi naongeza: nendeni mkatazame kazi. Wangu walipokuwa na miaka mitatu, hakuna kiwanja kilichowavutia kama mahali pa ujenzi. Tunasimama nje ya uzio, mbali kabisa, tunaangalia kijiko, ile mashine ya kuchimba, kikichota udongo na kumwagia lori. Wanaimba milio yake njia nzima. Treni zikipita ni hivyohivyo, au ndege zikitua kama mna mahali salama pa kusimama. Hakuna kiingilio, mdogo anatazama akiwa begani, mkubwa anauliza maswali. Tena kwa mtoto anayependa kukagua kwanza, hapo kukagua ndiko kucheza kwenyewe.

NesiWaWatoto

Mengi mazuri yamesemwa. Mimi nataja machache ya usalama kwa sababu tunayaona kazini.

La kwanza, msiteleze na mtoto mkiwa mmempakata. Watu wengi wanaona ndiyo njia salama kwa mdogo, kumbe mguu wake unanasa ukutani au chini ya kiatu, na uzito wa mtu mzima unaendelea kushuka. Mfupa wa mguu unavunjika. Kama hawezi kuteleza peke yake, huo mtelezo si wa umri wake.

Gusa mtelezo wa chuma, hata wa plastiki, kwa mkono wako kabla hajakaa. Juani unaunguza. Nguo zenye kamba shingoni zibaki nyumbani, zinanasa kwenye vyuma. Helmeti ya baiskeli ivuliwe kabla ya kupanda popote, kwa sababu kichwa chenye helmeti kinaweza kukwama mahali ambapo mwili umeshapita.

Trampolini: si kwa mdogo wako. Wakiruka watoto kadhaa pamoja, mwepesi zaidi ndiye anayerushwa na kuumia.

MamaWawili

Asanteni sana, nasoma huku nimemlaza mdogo. Mwalimu, hilo la kukagua limenigusa, ndivyo alivyo hata kwenye nyumba za watu. Nesi, naomba kuuliza. Karibu na kwetu kuna bustani nzuri lakini ina kidimbwi cha samaki katikati. Hakina kina, maji yanafika magotini kwangu. Ni salama?

NesiWaWatoto

Kwa mtoto wa mwaka na nusu, maji ya magotini kwako ni mengi sana. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akianguka kifudifudi anaweza kushindwa kujiinua. Na hapigi kelele. Watu wanasubiri kusikia mtoto akilia na kurusha maji, lakini kuzama kwa kawaida ni kimya na ni kwa haraka.

Sikukatazi kwenda. Nendeni wawili. Mmoja ana kazi moja tu, kuwa umbali wa kumfikia mdogo kwa mkono muda wote mkiwa karibu na maji, simu ikiwa mfukoni. Mkibadilishana zamu, mtamkiane kabisa: "Sasa ni wewe." Hatari inaingia pale kila mmoja anapodhani mwenzake anaangalia.

MpangaBustani

Kazi yangu ni kuchora bustani na viwanja vya kuchezea, kwa hiyo niseme mnachoweza kukiangalia mkifika mahali papya.

Simama mahali ambapo ungekaa. Je, unaona kila kona bila kuinuka? Sehemu nyingi zinajengwa kwa kufuata uzuri wa picha, mzazi anajikuta nyuma ya kichaka. Kisha angalia mlango. Uwanja wenye uzio na lango moja unampumzisha mzazi wa watoto wawili kuliko uwanja wenye michezo kumi na ulio wazi pande zote, kwa sababu wakikimbia njia mbili tofauti bado wako ndani. Kisha angalia chini. Kuanguka ndiko kunakoumiza watoto wengi viwanjani, kwa hiyo chini ya vyuma vya kupandia pawe na mchanga mwingi, vipande vya mbao au sakafu ya mpira mnene. Saruji au udongo uliokauka na kugandamana havifai. Kivuli nacho ni lazima, hasa mchana.

Tena msidharau sehemu zisizo na michezo kabisa. Mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya uvamizi wa Ujerumani, kulifunguliwa huko Emdrup, Copenhagen, uwanja uliojaa mbao, matofali na takataka za ujenzi. Wazo lilikuwa la C. Th. Sørensen, mbunifu wa bustani aliyekuwa ameona watoto wakifurahia mabaki kuliko viwanja rasmi alivyowatengenezea. Watoto walijenga wenyewe, wakabomoa, wakajenga tena. Viwanja vya aina hiyo vikaenea nchi nyingine. Kijana wa miaka minne ukimpa vijiti, mawe na ndoo, ana mchezo ambao unabadilika kila siku. Bembea itabaki bembea.

Mpenda_Matembezi

Lakini mawe na vijiti na mtoto wa mwaka na nusu? Kila kitu kinakwenda mdomoni.

MpangaBustani

Kweli, kwa mdogo chagua vikubwa ambavyo haviwezi kuingia mdomoni, na uwe karibu. Ila kupanda naomba msiwazuie mno. Mimi kanuni yangu ni kutomnyanyua mtoto na kumweka juu ya kitu asichoweza kukipanda mwenyewe. Alichopanda kwa mikono na miguu yake, mara nyingi anajua pa kushikilia anaposhuka. Uliyemweka wewe hajui alifikaje.

NesiWaWatoto

Hapo tuko pamoja, mradi chini pawe laini na kimo kilingane na umri.

MamaYakeMdogo

Mimi wangu anaumizwa na kelele, kwa hiyo majumba hayo tuliyaacha. Tunakwenda maktaba ya watoto asubuhi. Zulia, vitabu vya picha vya kurasa ngumu, watoto wachache. Makumbusho nayo siku za katikati ya wiki yanakuwa kimya, na mtoto anaruhusiwa kusimama mbele ya kitu kimoja muda anaotaka. Vikinga masikio vya watoto vinasaidia mkilazimika kwenda penye makelele.

MwalimuWaChekechea

Nyongeza ndogo kwa MamaWawili, kwa sababu ulisema unataka wachangamke. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku, zikigawanywa siku nzima. Kwa wa miaka mitatu na minne, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hasa. Usiogope namba hiyo. Kutembea hadi bustanini kunahesabika, kupanda ngazi, kumfukuza njiwa, kucheza ngoma sebuleni. Huna haja ya kuimaliza yote kwenye tembezi moja, na ndiyo sababu nyingine ya kwenda mahali pa karibu ambapo mdogo anaweza kutembea sehemu ya njia kwa miguu yake. Mwongozo huohuo unataka wa umri wa binti yako alale saa 11 hadi 14 kwa siku pamoja na usingizi wa mchana. Pangeni kutoka kufuatana na usingizi huo. Akitolewa muda wake wa kulala, hata mahali pazuri namna gani patamshinda.

MamaWawili

Nimesoma yote pamoja na baba yao. Tumekubaliana kuanza na ile bustani, asubuhi mdogo akishaamka vizuri, mmoja wetu kwa kila mtoto, na upande wa kidimbwi tutabadilishana zamu kwa kutamkiana kama nesi alivyosema. Ndoo na chupa tupu tutabeba. Jumba la ndani tutaliacha kwa siku za mvua, na tutafika milango ikifunguliwa. Na yule ndugu nimemwambia kwa heshima kwamba kijana hataachwa alie.

Swali la mwisho: mkubwa nimwambie mapema kwamba tutakwenda? Nikimwambia siku moja kabla hatulali, anauliza kila saa.

MwalimuWaChekechea

Mwambie asubuhi ileile, wakati wa kuvaa. Mweleze kwa mpangilio: tunatembea, tunafika kwenye lango, unatazama kwanza ukitaka, kisha unacheza, unajaza ndoo mara tatu za mwisho, tunarudi. Mtoto anayekagua anapenda kujua kinachofuata. Mkifika, muulize yeye ndiye akuonyeshe mtakapokaa.

ShangaziWaWengi

Na nguo za kubadilisha ziwe za wote wanne, bomba la maji halichagui.