Mama ana dimensia, jioni zinatushinda. Naombeni ushauri

Binti wa Mwisho

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kumuuguza nyumbani mzazi mwenye dimensia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na akili.

Mama yangu ana miaka 78 na daktari alishatuambia dimensia yake ni ya aina ya Alzheimer. Asubuhi hana neno: anakunja nguo, ananiita kwa jina, tunacheka. Kasheshe huanza jua likielekea kuzama. Anavaa viatu, anakwapua mkoba wake, anasimama mlangoni na kusema anakwenda kwao, mama yake anamngoja. Kaka akimjibu kwamba bibi alishafariki, mama anaangua kilio kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba dakika hiyo hiyo. Akitulia kidogo, anauliza tena.

Isitoshe, tangu juzi usiku hajitambui kabisa. Anaona watu wamesimama pembeni ya kitanda, anavuta vuta shuka, kuoga hataki, na anasema mimi nimemwibia pesa. Kaka zangu wanataka apewe dawa ya kumtuliza alale. Mimi moyo unasita. Nifanyeje?

Mama Pili

Pole sana mwanangu. Nimemuuguza mama mkwe wangu mpaka mwisho, kwa hiyo hizo jioni nazijua.

Kwanza, asiambiwe tena habari za msiba. Hakumbuki kwamba alishaambiwa, ila uchungu anaupata upya kila mara. Anaposema "nataka kwenda kwetu", mara nyingi maana yake ni kwamba hana amani, amechoka, ana njaa au amebanwa na mkojo na hajui namna ya kusema. Mpeleke msalani kwanza. Halafu mwambie, "Umemkumbuka mama, eeh? Hebu nisimulie, alikuwa mtu wa namna gani?" Mwache asimulie. Hujamdanganya, na hujamwumiza. Akisisitiza kutoka, toka naye, mzunguke kidogo mrudi. Kumzuia mlangoni kwa nguvu ndiko kunakozua ugomvi.

Washa taa kabla giza halijaingia na funga mapazia. Kioo cha dirisha usiku kinamrudishia sura yake mwenyewe, naye anadhani kuna mgeni nje.

Hilo la wizi lisikuvunje moyo. Anaficha kitu, anasahau kwamba amekificha, basi anayekuwa karibu ndiye mwizi. Usijitetee. Mwambie "tukitafute pamoja", na uzijue sehemu zake za kufichia.

Nesi Mstaafu

Dada, ushauri wa Mama Pili ni mzuri, lakini kuna neno umelipitia haraka nalo ndilo lililonishtua: "tangu juzi".

Alzheimer hushuka taratibu, kwa miezi na miaka. Mgonjwa akibadilika ghafla ndani ya siku chache, akawa anaona watu na kuvuta vuta shuka, mara nyingi kuna jambo jingine mwilini lililomvuruga ubongo. Inaweza kuwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), nimonia, kufunga choo, upungufu wa maji, maumivu asiyoweza kuyaeleza, kuanguka na kugonga kichwa, au dawa mpya. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali na asipate homa hata kidogo. Usingoje ipite yenyewe, mpeleke hospitali.

Je, kuna dawa yoyote ameanzishiwa karibuni?

Binti wa Mwisho

Ipo! Alikuwa anaamka sana kwenda kukojoa, akaandikiwa oxybutynin. Ameianza wiki hii. Ya kumbukumbu anayotumia siku zote ni donepezil.

Nesi Mstaafu

Basi daktari aliyempa donepezil lazima ajue hilo mapema iwezekanavyo. Ubongo wa mwenye Alzheimer una upungufu wa asetilikolini, kemikali inayosaidia kumbukumbu. Donepezil inazuia kemikali hiyo isivunjwe, ilhali oxybutynin inaizuia isifanye kazi. Moja inavuta huku, nyingine kule, na kwa wazee dawa za kundi hilo la pili huleta kuchanganyikiwa, kufunga choo, hata mkojo kuziba. Donepezil yenyewe pia inaweza kuongeza haja ya kukojoa, kwa hiyo muulize daktari kama tatizo lilianzia hapo. Sisemi ndiyo sababu kwa hakika, vipimo vya maambukizi bado vinahitajika. Usibadilishe dozi mwenyewe. Beba dawa zote, na zile mnazojinunulia za mafua na usingizi, maana nyingine ni za kundi hilo hilo.

Kuhusu dawa za kutuliza: mwaka 2005 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo kwamba dawa za kundi la olanzapine na risperidone zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimensia. Daktari anaweza kuziandika mgonjwa anapohatarisha maisha, kwa dozi ndogo na muda mfupi, akimfuatilia. Kwa ajili ya familia kupata usingizi tu, hapana.

Baba Watatu

Mimi nitasemea kuoga tu. Baba yangu alikuwa anapiga kelele maji yakimwagikia kichwani. Tukaacha bomba la juu. Tulimkalisha kwenye kiti imara, taulo mabegani, tunaosha sehemu moja na kuifunika kabla ya kwenda nyingine. Yeye anashika kitambaa anajipangusa uso. Kichwa siku nyingine kabisa. Si lazima aoge mwili mzima kila siku, mradi sehemu za siri na mikunjo ya ngozi ni safi.

Na hao kaka zako wapangiwe zamu za usiku. Anayeshauri mgonjwa alazwe usingizi kwa dawa, aje kwanza akeshe naye.

Binti wa Mwisho

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimempigia kaka mkubwa, anakuja na gari sasa hivi tumpeleke. Dawa zote nimeshazitia kwenye mfuko.

Nesi Mstaafu

Vizuri. Mkiwa njiani andika lini alianza kubadilika, lini alianza oxybutynin, mara ya mwisho kukojoa na kupata choo, na kama ameanguka. Mkifika, sema maneno haya haya: "Kabla ya juzi hakuwa hivi." Asije mtu akamtazama umri, akasema ni uzee, akawarudisha nyumbani bila vipimo.