Kioo cha kushoto kimezama mlangoni, gereji inataka dola 480

Ndugu zangu wa Lubumbashi, habari za Jumapili.

Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Alhamisi nilikuwa natoka Kasumbalesa, nikafika kwenye peaji, kile kituo cha kulipia barabara, nikashusha kioo cha abiria nilipe. Sisi tulioleta magari ya usukani wa kulia kutoka Dar tunajua adha hii: huku wanaendesha upande wa kulia, kibanda kiko kushoto, basi kioo kinachopanda na kushuka kutwa ni hicho hicho. Kulipa nililipa. Kupandisha sasa, mota ikalia, kitu kikakatika "tak!", kioo kikazama chote. Januari hii, na wingu limetanda! Nimefika Kampemba kiti kimelowa chepechepe.

Gereji ya wakala wamekaa na gari siku mbili. Jibu: lève-vitre nzima, yaani mtambo wote wa kupandishia kioo, dola 480, isubiriwe wiki tatu, na 60 nilipe hata nikikataa, eti ni za kufungua mlango na kutazama. Nikauliza kwa nini wasibadilishe kilichovunjika tu. Kijana akacheka: "Mama, hiyo haiuzwi peke yake."

Mama wa Kampemba

*

Dada, pole sana. Lipa hiyo 60, uondoe gari lako.

Mota ikilia na kioo hakiendi, mara nyingi mota ni nzima. Ingekuwa kimya ningekwambia uanze na fyuzi, kisha swichi, kisha zile waya zinazopita kwenye mpira karibu na bawaba. Kufungua na kufunga mlango kila siku huzikata. Yako ni kebo, au kibanio cha plastiki kinachoshika kioo. Nenda Kamalondo kwa mafundi wa spea za mtumba, na ufunguliwe mlango ukiwa umesimama hapo hapo. Kwa leo, kama ukingo wa kioo unafikika, kibane kwa viganja, kimoja ndani kimoja nje, ukivute taratibu, ukifunge na selotepu pana juu ya fremu.

Kaka wa Golf

*

Mimi siwasemi vibaya wakala, angalau wanatoa garantii. Fundi wangu wa mtaani alichana ile nailoni iliyogandishwa nyuma ya ngozi ya mlango, akaitupa. Maji ya mvua huteremka na kioo hadi ndani ya mlango, hiyo nailoni ndiyo inayoyazuia yasiingie ndani ya gari. Zulia langu lilinuka mwezi mzima. Mama, hakikisha ipo kabla na baada!

Jirani wa Katuba

*

Nimerudi. Kilichovunjika ni kibanio, hakizidi kidole gumba, rangi imeshakuwa kama chai ya maziwa kwa uzee. Fundi akatoa kingine kwenye mlango wa gari lililokufa, akasafisha mfereji wa mpira uliojaa vumbi jekundu la kiangazi, akapuliza silikoni. Nilitaka atie oili, akanigombeza: oili inaozesha mpira. Nailoni kairudisha, nimesimamia mwenyewe. Dola 35, na soda yake.

Kinapanda polepole kuliko mwenzake, ila kinafika juu. Tatizo lilikuwa noti yangu ya ishirini, ina mchaniko mdogo pembeni kama punje ya mchele. Akaigeuza mara mbili juani, akanirudishia. Nimeazima nyingine kwa muuza vocha.