Miche ya nyanya na kotmiri inalala chini masika hii, nifanyeje? (Tanga)

bi_sahare
Assalaam aleykum wana jamvi, poleni na matope. Mie nipo Sahare hapa Tanga, nyuma ya nyumba nina kieneo kidogo tu cha upana wa mikeka miwili hivi, nikasema mwaka huu Mgandini niende kununua vitunguu tu, mboga zingine zitoke nyumbani. Mvua zilipoanza nikasia nyanya na kotmiri, nyingine kwenye beseni bovu nyingine kwenye kitalu chini, juu nikaweka makuti ya kivuli. Zikaota vizuri tu zikabanana, sasa naamka asubuhi nakuta kundi zima limelala, ukikishika kimche pale kinapoingia udongoni pamekuwa pembamba kama uzi na pana rangi ya kahawia, juu jani bado bichi kabisa. Kesho yake duara limeongezeka. Jirani mmoja kasema sota huyo, yule kiwavi wa udongoni, mwingine kasema ni chumvi manake siku mvua isiponyesha namwagia maji ya kisima na kisima chetu kina chumvichumvi. Mdudu sijamuona hata mmoja. Ni nini hiki? Na kuna cha kupanda saa hizi kikakubali au ningoje? Mrehani na mchaichai viko poa wala havina habari.

Mzee wa Pongwe
Waaleykum salaam mwanangu. Hicho ni kinyausi, wala usihangaike na sota. Sota anakata, unakuta kimche kimekatwa kipo pembeni, ukifukua hapo hapo kwenye shina unamkuta mwenyewe kajikunja duara. Chumvi nayo inaanzia kwenye ncha za majani, zinaungua zinakauka. Chako kimeoza usawa wa udongo, hao ni fangasi wanaokaa udongoni na wanataka vitu vitatu, maji yaliyotuama, miche iliyobanana na kivuli, na vyote umewapa.

Makuti yatoe leo leo. Makuti ni ya Januari Februari kaskazi inapovuma na jua linachoma, masika wingu lenyewe ni kivuli tosha. Kama unaogopa matone makubwa yasifukue mbegu weka nailoni nyeupe kwa juu, iinue, pembeni acha wazi upepo upite. Iliyolala ng'oa na udongo wake katupe mbali, na jirani zake zilizosimama zipunguze, najua inauma kung'oa mche mzima lakini hewa ikipita chini ndo pona yake. Beseni je, umelitoboa? Kama halina matundu hilo ni dimbwi tu.

Kitalu kingine ukifanya, inua tuta kama shubiri hivi, changanya mchanga na mboji iliyoiva, sia kwa mistari usirushe kama unalisha kuku. Maji asubuhi tu, tena ukiona juu pamekauka.

viroba_na_ndoo
Naunga mkono kuhusu makuti ila dada hata hiyo nyanya ikipona usifurahi sana. Nyanya ya Aprili na Mei huku pwani ni kujitafutia ugonjwa, majani yanalala na maji usiku kucha, bakajani ikiingia inakwenda mche hadi mche, unajikuta kila wiki umeshika bomba la dawa kwa ajili ya miche mitano ya kula nyumbani, faida iko wapi. Mi nyanya nasia mwishoni mwa Mei mvua ikianza kuchoka, natoa kitaluni mwezi wa sita, inakulia kwenye kipupwe, baridi kidogo, majani makavu. Ukiing'ang'ania hiyo iliyobaki basi iegeshee mti mapema, majani ya chini yanayogusa udongo kata yote.

Saa hizi panda vitu vinavyopenda maji na joto. Matembele usiulize mara mbili, chukua vikonyo vya urefu wa kiganja na nusu, fukia pingili mbili tatu, basi umemaliza. Bamia loweka usiku mmoja panda moja kwa moja shambani, ikianza kuzaa chuma kila baada ya siku moja au mbili, ukiiacha inakuwa kamba haitafuniki. Mchicha changanya mbegu na mchanga mkavu ndo usie, vinginevyo zinadondoka rundo, na wiki ya tatu au ya nne unaanza kula. Ngogwe na mnavu pia.

nanaa
Kuna mtu kanyunyiza maji ya majani ya mwarobaini kwenye kinyausi akasema kimeisha, bi_sahare jaribu, halina gharama

Mzee wa Pongwe
Mwarobaini ni dawa ya wadudu, vidukari na inzi weupe huko sawa. Kinyausi kikiisha baada ya hapo ni kwa sababu jua liliwaka siku mbili. Na majivu pia msimrundikie, nayo ni kama chokaa, na huko karibu na bahari ardhi nyingi ni ya matumbawe, chokaa imo tayari. Akitaka uhakika wa udongo wake, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano pale Muheza wanapima.

Mama wa Makorora
Shoga kotmiri mbona hamumjibu jamani. Kotmiri haipendi kuhamishwa, mzizi wake mmoja mrefu ukiugusa tu inanuna halafu inakimbilia kutoa maua. Panda pale pale itakapokaa. Ile punje ya mviringo ndani ina mbegu mbili, isugue kwa chupa taratibu ipasuke katikati usiisage, loweka usiku kucha, kisha panda kwenye kiroba chenye matundu, ukiweke barazani penye jua la asubuhi mvua isipopiga moja kwa moja. Joto la huku linaimaliza haraka kwa hiyo sia kidogo kidogo kila wiki mbili usisubiri ya kwanza iishe. Nzuri nzuri ile yenye majani mapana utaipata Juni mpaka Agosti. Na yale maji ya kisima cha chumvi usiimwagie kotmiri, tega ndoo chini ya bati upate maji ya mvua. Ya kisima mwagia spinachi, yenyewe inavumilia.

bi_sahare
Mashaallah nimewaelewa nyote, ahsanteni. Makuti nshatoa, beseni kweli halikuwa na tundu hata moja nimelitoboa kwa msumari wa moto. Nyanya zimebaki chache nitaziacha nione. Swali la mwisho, nina kinyesi cha kuku banda zima, naweza kutia kwenye tuta la bamia sasa hivi? Na konokono wakubwa usiku wanamaliza matembele ya jirani, nisije nikawalisha.

viroba_na_ndoo
Kibichi hapana kinaunguza mizizi, kirundike na majani makavu ukifunike mvua isikisombe, kigeuzegeuze, kikipoa na harufu ikiisha ndo utie. Konokono toka na tochi baada ya isha mvua ikikatika, waokote na kipande cha nailoni mkononi usiwashike hivi hivi, watie kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Mchana inua vile vifuu na vipande vya mbao ulivyovirundika ukutani, wamelala humo.

nanaa
Mwenye vikonyo vya matembele yale ya majani membamba anigawie na mie, nipo Chumbageni