Maandishi mchanganyiko kwenye AutoCAD: QSELECT, LISP au TXT2MTXT?

Mchoraji_Kondele (Kisumu)
Hamjambo wanachama. Nimekabidhiwa michoro ya zahanati, iliyochorwa kwa AutoCAD (programu ya kuchorea kwenye kompyuta) na iliyopitia mikononi mwa wachoraji kadhaa, na maandishi yake yamechanganyika: mengine ni ya mstari mmoja, mengine ni ya aya, na kila mchoraji aliacha mtindo wake. Natakiwa kuyaweka yote katika mtindo mmoja kabla ya kuchapisha mwishoni mwa wiki. Je, nichague kwa QSELECT (amri ya kuchagua vitu vya aina moja kwa pamoja), nitumie LISP (lugha ya kuandikia amri zako mwenyewe), au nigeuze yote yawe ya aya kwa TXT2MTXT?

Rasimu_Njoro (Nakuru)
Ndugu, hujatuambia unatumia toleo gani, wala kama majina ya vyumba yamo ndani ya bloku (kundi la vitu linalotumika kama kitu kimoja). AutoCAD LT, ile yenye uwezo mdogo zaidi, haikuwa na LISP hadi toleo la 2024, kwa hiyo huenda njia yako ya pili imefungwa tangu mwanzo. Taja pia skeli, kwa sababu maandishi ya milimita 2.5 kwenye karatasi huhitaji urefu wa 250 katika mchoro wa 1:100, na 125 katika ule wa 1:50.

Mwalimu_Kakamega
Mimi natetea LISP. Andika mstari huu kwenye sehemu ya amri:

(sssetfirst nil (ssget "_X" '((0 . "TEXT,MTEXT"))))

Aina zote mbili huchaguliwa kwa pamoja. Kisha fungua Properties (dirisha la sifa za vitu), na katika orodha iliyo juu uchague Text, yaani maandishi ya mstari mmoja, ubadilishe mtindo, halafu urudie kwa MText, yaani ya aya. Kumbuka kwamba "_X" hukusanya hata maandishi yaliyo kwenye leya (tabaka za mchoro) zilizozimwa.

Dada_Milimani (Kisumu)
Kwa heshima, Mwalimu, kazi hiyo haihitaji LISP. QSELECT ina kisanduku cha kuongeza kwenye uteuzi uliopo, hivyo mtu huchagua Text kwanza, kisha MText, na anaona kila hatua anachokichagua.

Mkato_Naka (Nakuru)
TXT2MTXT iogopeni. Ofisi moja niliyofanya nayo kazi ilipokea ramani ya sakafu yenye majina ya vyumba, vipimo vya madirisha na maelezo ya mifereji, yote yakiwa maandishi ya mstari mmoja. Mchoraji wao alichagua kila kitu na kuitoa amri hiyo bila kufungua mipangilio yake, ambayo kwa kawaida huunganisha maandishi yote yaliyochaguliwa kuwa aya moja. Jiko, choo, ghala na ukubwa wa madirisha vikawa rundo moja upande mmoja wa karatasi. Faili ikahifadhiwa na kufungwa, nakala ya awali haikuwekwa popote, na tulilazimika kurudisha kila jina mahali pake kwa kulinganisha na karatasi iliyokwisha kuchapishwa. Ondoa alama ya kuunganisha kwanza, au usiiguse kabisa.

Mchoraji_Kondele
Nashukuru. Programu yangu ni LT, na majina ya milango yamo ndani ya bloku.

Rasimu_Njoro
LT ya mwaka gani, ndugu? Hayo ya milango, ikiwa ni atributi (maandishi ya kujazwa yaliyofungwa kwenye bloku), hayatachaguliwa kwa QSELECT ya Text wala kwa mstari wa Mwalimu. Tumia BATTMAN, amri ya kusimamia atributi, ubadilishe mtindo katika bloku ya asili ambayo nyingine zote hunakiliwa kutoka kwayo. ATTSYNC, inayolinganisha bloku zote na ile ya asili, nayo ni ya tahadhari, kwani hufuta marekebisho ambayo mtu aliyafanya kwenye bloku mojamoja.

Mwalimu_Kakamega
Mimi ningebadilisha fonti ndani ya STYLE yenyewe, amri ya mitindo ya maandishi, kisha yote yanayotumia mtindo huo yafuate.

Dada_Milimani
Yatafuata, isipokuwa maandishi ya aya ambayo mtu aliyapa fonti yake akiwa ndani ya kihariri. Hayo hubaki yalivyo mpaka uondoe umbizo lake. Urefu nao, hata ukiubadilisha katika mtindo, maandishi ya mstari mmoja yaliyokwisha kuandikwa hayaongezeki wala kupungua.

Mkato_Naka
Tukizungumzia fonti, msiweke Arial kwenye mchoro wa ujenzi. Romans.shx, fonti ya AutoCAD yenyewe, ni nyepesi, na mistari yake hubaki safi hata mchoro ukinakiliwa mara kadhaa.

Dada_Milimani
Ni safi mpaka faili ifunguliwe kwenye kompyuta isiyo na fonti ya shx iliyotumika, programu iweke nyingine, na maneno yatoke nje ya jedwali. Arial ipo karibu kila mahali penye Windows.

Mwalimu_Kakamega
Ndugu wa Kondele, hujajibu bado kuhusu mwaka wa toleo lako, na mitindo iliyomo katika mchoro ni mingapi? Fungua STYLE uisome orodha, kisha utuandikie hapa.